Gharama ya Kuwa na Ndani

Mtu anayeuawa na kipindupindu hafi kwa jeraha. Utumbo wake ukitazamwa kwa hadubini unaonekana mzima: seli zimejipanga safu kwa safu, hakuna palipotoboka, hakuna kidonda, damu haikumwagika. Hata hivyo mgonjwa huyo anaweza kupoteza lita nzima ya maji kwa saa moja. Macho yanazama, sauti inafifia, ngozi ya tumbo ikifinywa inabaki imesimama kabla ya kurudi mahali pake. Aliyeamka na afya asubuhi anaweza asiione asubuhi ya pili. Na katika muda wote huo hakuna ukuta uliobomoka mwilini mwake. Kuna milango tu iliyofunguliwa, ikazuiwa isijifunge.

Tukiwaza usalama wa kitu chochote, akili hukimbilia ukuta. Wahenga nao wametuusia hivyo: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Lakini seli, zilizokuwapo kabla ya mhenga wa kwanza, haziishi kwa usia huo. Kila moja imezungukwa na utando laini, unaotembea, wenye matundu mengi, na mwembamba kiasi kwamba tando 200,000 zikibandikwa moja juu ya nyingine ndipo zitimie milimita moja. Mwenye kutegemea ukuta wa aina hiyo amekwisha. Seli haiutegemei. Utando wenyewe hupatikana kwa bei rahisi mno. Kilicho ghali ni tofauti kati ya ndani na nje, na hiyo hulipiwa upya kila sekunde. Nadhani tukilielewa jambo hilo barabara, tutaelewa pia kwa nini pakiti ndogo ya chumvi na sukari iliweza kufanya kile ambacho matabibu wa karne nzima walikitafuta bila kukipata.

Tuanze na huo urahisi. Kila aliyepika mchuzi wa nyama ameuona. Moto ukipunguzwa, mafuta hupanda juu yakawa macho ya duara yenye kung'aa. Mawili yakigusana huungana ghafla, na baada ya muda yale madogo yote yamemezwa na makubwa. Hakuna anayeyachunga. Molekuli za maji hushikana zenyewe kwa zenyewe, na mafuta, yasiyo na pa kushika, husukumwa kando mpaka yanabanana. Sheria inayotawala sufuria hiyo ndiyo inayojenga kila utando, kwa nyongeza moja tu: fosfolipidi, ambayo ndiyo mafuta ya utando, ina tabia mbili katika mwili mmoja. Kichwa chake kina chaji za umeme na hupenda maji. Mikia yake miwili ni mafuta matupu na huyakimbia. Zikitiwa majini, molekuli hizo hujipanga safu mbili, mikia ikielekeana katikati, vichwa vikitazama maji juu na chini. Na kwa vile ukingo wa safu ungeacha mikia wazi majini, safu hujikunja mpaka kingo zake zikutane. Matokeo yake ni kifuko.

Miaka ya 1960 Alec Bangham, akifanya kazi Babraham karibu na Cambridge, alitia majini lesithini, aina ya mafuta yanayopatikana katika kiini cha yai, akaitazama kwa hadubini ya elektroni. Aliviona vifuko vimejifunga vyenyewe, kimoja ndani ya kingine. Havikuwa na uhai wowote. Vilikuwa na ndani na nje, basi.

Habari ya kwamba safu ni mbili ina historia ya kupendeza, na sehemu yake ya kwanza ilichezewa jikoni. Agnes Pockels aliishi Braunschweig, Ujerumani, akiwahudumia wazazi wagonjwa, zama ambazo wanawake wa kwao hawakupokewa vyuo vikuu. Akiosha vyombo aliona jinsi uso wa maji unavyobadilika ukiguswa na mafuta, akajitengenezea beseni la bati lenye kipande cha kusukuma utando wa mafuta huku na huku, akapima nguvu yake. Januari 1891 alimwandikia Lord Rayleigh, mwanafizikia wa Uingereza, na Rayleigh akaifikisha barua hiyo kwa jarida la Nature, likaichapisha mwaka huohuo. Irving Langmuir aliliboresha beseni hilo, na mwaka 1917 akaonyesha kwamba mafuta juu ya maji huweza kutandazika mpaka unene wake ukawa molekuli moja. Mwaka 1925 Evert Gorter, daktari wa watoto wa Leiden, Uholanzi, pamoja na mwenzake Grendel, walikamua mafuta ya seli nyekundu za damu kwa asetoni, wakayatandaza juu ya maji, wakapima eneo lake. Lilikuwa mara mbili ya eneo la seli zilikotoka. Basi utando una unene wa molekuli mbili. Baadaye ilikuja kubainika kwamba walikosea mahali pawili: asetoni haikutoa mafuta yote, na eneo la seli walilikadiria kuwa dogo kuliko lilivyo kwa sababu walipima seli zilizokauka. Makosa hayo mawili yalifutana, jibu likabaki sahihi.

Kilichojengwa bila fundi hubomolewa bila nyundo. Sabuni nayo ina kichwa na mkia, kwa hiyo hujipenyeza kati ya fosfolipidi na kuzitawanya. Ndiyo maana ya zile ndoo za maji tiririka zilizojaa kwenye milango ya maduka na nyumba za ibada mwaka 2020: kirusi cha korona hujivika utando wa mafuta uliochukuliwa katika seli ya mtu, na sabuni humvua vazi hilo viganjani.

Utando wa mafuta matupu, hata hivyo, hauna akili. Hupitisha oksijeni na kabonidioksidi, huzuia karibu kila kitu chenye chaji, na hapo kazi yake imeisha. Wanaochagua ni protini zilizopenya ndani yake. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba protini hizo zimetulia mahali pamoja. Mwaka 1970 Larry Frye na Michael Edidin, kule Baltimore, waliunganisha seli ya panya na seli ya binadamu kuwa seli moja, wakazitia protini za panya rangi moja na za binadamu rangi nyingine. Mwanzoni nusu ya seli ilikuwa ya kijani, nusu nyekundu. Dakika 40 baadaye, katika joto la mwili, rangi zilikuwa zimechanganyika pande zote. Seli ilipopozwa, rangi hazikuchanganyika. Miaka miwili baadaye S. J. Singer na Garth Nicolson waliandika maelezo ambayo bado yanafundishwa darasani: utando ni kimiminiko kilichotandazwa, na protini zinaelea ndani yake zikisafiri kando kwa kando. Huo ndio mpaka wetu wa kwanza na wa mwisho. Hauna hata jiwe moja lililotulia.

Sasa tuje kwenye gharama. Katika majimaji yanayozizunguka seli, sodiamu ni nyingi, takriban milimoli 145 kwa lita. Ndani ya seli ni kama 12 tu. Potasiamu ni kinyume chake: 140 ndani, 4 au 5 nje. Kila kinachoweza kuvuja kinavuja, kwani maumbile hupenda kusawazisha mambo. Anayeirudisha tofauti hiyo ni protini moja ambayo Jens Christian Skou wa Aarhus, Denmark, aliigundua katika mishipa ya fahamu ya kaa, akaitangaza mwaka 1957. Tuzo ya Nobel ilimfikia miaka 40 baadaye. Kila mzunguko pampu hiyo hutumia molekuli moja ya ATP, ambayo ni sarafu ya nishati ya seli, ikatoa sodiamu tatu nje na kuingiza potasiamu mbili ndani. Mtu akiwa amejilaza tu, haendi popote, hasemi na mtu, kati ya moja ya tano na theluthi ya nishati ya mwili wake, kwa makadirio ya kawaida, huishia kwenye pampu hizo.

Mabaharia wa pwani wanaijua hali hii. Jahazi la mbao lisilovuja hata tone halijaundwa. Kalafati hupunguza tu. Kinacholiweka juu ya maji ni mtu aliyeinama chini ngamani, anachota na kumwaga, na akichoka mwingine anapokea. Abiria aliyeketi juu akiutazama ubavu wa chombo anaweza kuamini kwamba mbao ndizo zinazomvusha.

Ukitaka ushahidi, waulize madaktari wanaochunguza maiti. Mtu akifa, tando zake haziyeyuki palepale. Lakini pampu zimekosa ATP, na potasiamu huanza kuvuja kutoka kwenye seli. Katika majimaji yaliyomo ndani ya jicho kiwango chake hupanda kidogo kidogo, kwa mwendo unaoweza kupimwa, na kwa kukipima madaktari hukadiria saa zilizopita tangu roho ilipotoka. Kwa hesabu za seli, basi, kufa si kubomoka kwa mpaka. Ni kusawazika kwa pande zake mbili.

Na tofauti hiyo ina nguvu kuliko tunavyodhani. Katika seli ya fahamu iliyotulia, ndani na nje hupishana kwa milivolti 70 hivi. Ni kidogo, mpaka ukumbuke unene wa utando: milivolti 70 katika nanomita 5 ni sawa na volti milioni 14 kwa mita, ilhali hewa kavu hupasuka cheche ikifikia kama milioni 3. Kila wazo linalotupitia kichwani ni tofauti hiyo ikiachiwa kidogo, mahali padogo, kwa kitambo kifupi, kisha ikilipiwa upya.

Hata safu mbili za utando mmoja hazifanani. Kuna fosfolipidi iitwayo fosfatidilserini ambayo hukaa safu ya ndani, wala si kwa hiari yake: zipo protini zinazoirudisha ndani kila inapoponyoka, nazo hutumia ATP. Seli inapofikia mwisho wake, kazi hiyo husimama, na protini nyingine huzichanganya safu mbili. Fosfatidilserini hutokea nje, na makrofaji, zile seli zinazosafisha mwili, zikiigusa hujua kwamba huyu sasa ni wa kumezwa. Alama ya mauti haikuletwa kutoka popote. Ilikuwamo siku zote, imefichwa kwa kazi.

Milango nayo haichagui kwa vigezo tunavyovitarajia. Mwaka 1998 Roderick MacKinnon wa New York alionyesha umbo la mlango wa potasiamu, na umbo hilo lilijibu fumbo la siku nyingi. Ioni ya sodiamu ni ndogo kuliko ya potasiamu, na bado haipiti. Potasiamu hupendelewa kiasi cha mara 10,000. Siri ni kwamba ioni ikiwa majini huzungukwa na molekuli za maji, na ili ipite mlangoni lazima iyavue maji hayo. Katika koo la mlango kuna atomi za oksijeni zilizopangwa kwa umbali uleule ambao maji yalikuwa yameizunguka potasiamu, hata ni kama haikuvua kitu. Sodiamu, kwa udogo wake, haizifikii atomi hizo pande zote. Kuvua kungeitia hasara, hivyo hubaki nje. Hakuna anayesukumwa. Mmoja ameandaliwa makaribisho yanayomfaa, mwingine hakuandaliwa. Peter Agre, aliyegawana na MacKinnon Nobel ya mwaka 2003, alikuwa ameshaupata mlango wa maji mwaka 1992 akiwa katika uchunguzi wa protini za makundi ya damu: tundu linalopitisha takriban molekuli bilioni 3 za maji kwa sekunde, lakini haliachii ioni ya haidrojeni hata moja. Na ukali wa pilipili mdomoni ni kazi ya mlango mwingine, uliokusudiwa kufunguka joto likizidi nyuzi 43 hivi, ambao pilipili inao ufunguo bandia. Ulimi unaungua bila moto.

Ufunguo bandia ndio unaoturudisha kwenye kipindupindu. Ugonjwa huu si mgeni katika pwani hii. James Christie, aliyekuwa tabibu wa Sultani wa Zanzibar, alichapisha London mwaka 1876 kitabu kizima juu ya milipuko yake Afrika Mashariki tangu 1821 hadi 1872, akiufuatilia katika njia za misafara ya bara na vyombo vya baharini. Njia zake alizijua. Unachokifanya ukishaingia tumboni, hakuna tabibu wa zama zile aliyekijua.

Jibu lilianza kupatikana Calcutta mwaka 1959, pale Sambhu Nath De alipoonyesha, kwa majaribio ya sungura, kwamba madhara yanaletwa na sumu ambayo bakteria wa kipindupindu huitoa. Sumu hiyo hushika, kwa vishikio vitano, mafuta yenye sukari yaliyo juu ya utando wa seli za utumbo. Kipande chake kimoja huingia ndani na kukwamisha protini ya mawasiliano katika hali ya kuamrisha "fungua". Milango ya kloridi hufunguka na kubaki wazi. Kloridi hutoka, sodiamu huifuata, maji huzifuata zote mbili. Kila kilichomo ndani ya seli kinafanya kazi yake kwa uaminifu. Kilichoharibika ni amri, nayo imeghushiwa.

Kwa muda mrefu tiba ilikuwa ni kuziba. Watu walipewa kasumba ili tumbo litulie. Mwaka 1832 Thomas Latta, daktari wa Leith huko Uskoti, alifanya jambo la busara zaidi: aliwatia wagonjwa maji ya chumvi kwenye mishipa ya damu. Lakini dripu inahitaji sindano, maji yaliyotakaswa na mkono uliofundishwa, na kipindupindu hupenda mahali ambapo vyote vitatu havipo. Kunywesha maji ya chumvi peke yake hakukufaa kitu. Yalipita yakatoka, kwa kuwa sodiamu haikuwa na pa kuingilia.

Kumbe palikuwapo. Agosti 1960, katika mkutano mjini Prague, Robert Crane alieleza kwamba glukosi na sodiamu huingia katika seli za utumbo kwa pamoja, kupitia protini moja. Leo tunajua hesabu yake: sodiamu mbili kwa glukosi moja. Protini hiyo haimpitishi mmoja bila mwenzake. Na sumu ya kipindupindu, kwa hila zake zote, haiigusi. Hapa wahenga wana usia mwingine unaofaa kuliko ule wa ufa: mgeni njoo, mwenyeji apone. Sukari ndiye mgeni. Anapoingia huingia na sodiamu mkononi, na maji hufuata nyuma yao.

Mwaka 1968 David Nalin na Richard Cash walithibitisha Dhaka kwamba wagonjwa wa kipindupindu wanaweza kutibiwa kwa kunywa mchanganyiko wa glukosi na chumvi. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, Dilip Mahalanabis alijikuta Bangaon, mpakani mwa India, katikati ya kambi ya wakimbizi iliyojaa wagonjwa na dripu zikiwa zimekwisha. Alipima glukosi, chumvi na magadi kwenye mifuko, akachanganya na maji, akawakabidhi ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vilivyokuwa vinakaribia asilimia 30 vilishuka chini ya asilimia 4. Mwaka 1978 tahariri ya jarida la Lancet iliuita ugunduzi huu pengine maendeleo makubwa kuliko yote ya tiba katika karne ya 20.

Itazame ORS, kama mchanganyiko huo wa kunywa unavyoitwa leo, ikifanya kazi. Pakiti moja katika lita moja ya maji safi: gramu 13.5 za glukosi, 2.6 za chumvi ya mezani, 1.5 za kloridi ya potasiamu, 2.9 za sitreti ya sodiamu. Ukihesabu molekuli, sodiamu na glukosi zimelingana sawasawa. Mama anaonja kwanza: isizidi chumvi ya machozi. Mtoto aliye chini ya miaka miwili hupewa kijiko kimoja cha chai kila dakika moja au mbili. Akitapika, mama anangoja dakika 10, kisha anaanza tena polepole zaidi. Kijiko, pumzi, kijiko. Mtoto bado anaharisha, na anayetazama kwa mara ya kwanza huona kama kazi bure, maana kinachoingia ni kama kinatoka. Lakini baada ya saa chache mtoto analia na machozi yanatoka, ngozi ya tumbo ikifinywa inarudi upesi, na nepi iliyokuwa kavu ina mkojo.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba hakuna mlango uliofungwa. Kloridi inaendelea kutoka kama jana. Seli zilizoghushiwa amri hazikuponywa, bali zitakufa kwa wakati wake: seli za ukuta wa utumbo hubadilishwa kila baada ya siku tatu hadi tano, na zinazozaliwa huwa hazijashikwa na sumu. Kazi ya kijiko ni kuilipia tofauti ya mwili mpaka zamu mpya ifike. Anayeiita ORS "dawa ya kuzuia kuhara" amekosea kidogo na amekosea sana. Haizuii kitu. Inalipa.

Pwani ya Kenya inatupa mfano mwingine, wa namna tofauti. Kimelea cha malaria hakina budi kuingia ndani ya seli nyekundu ya damu, na huingia kwa kuibana, kuusukuma utando wake na kujiviringishia, mambo yote yakiisha kwa muda usiozidi dakika moja. Baadhi ya watu wa Kilifi huzaliwa na aina ya damu iitwayo Dantu, isiyopatikana kwa wingi kwingineko duniani, na wanaoirithi hupata malaria kali kwa nadra zaidi. Watafiti wa kituo cha KEMRI-Wellcome cha Kilifi na wenzao wa Cambridge walichukua damu ya watoto 42 wa huko, wenye nakala mbili za jeni hiyo, wenye moja na wasio nayo, wakakitazama kimelea kwa video kikijaribu kuingia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Kimelea kilifika, kikashika, kikasukuma. Utando wa Dantu ulikuwa umewambwa zaidi kidogo kuliko kawaida, na hicho kidogo kilitosha. Kimelea hakikupata pa kujiviringishia.

Nililipenda jambo moja zaidi katika utafiti huo. Hata katika damu ya kawaida seli hazina mvutano mmoja. Zipo zilizolegea na zilizokazana, na kimelea hushindwa na zile zilizokazana. Dantu haikuleta silaha mpya. Ilisogeza tu kiwango, na kiwango hicho kina kikomo. Seli nyekundu, yenye upana wa mikromita 7 au 8, hupita kila siku kwenye mishipa myembamba kuliko yenyewe, na wengu huzichuja na kuziondoa zile zilizokakamaa. Utando ukilegea mno humkaribisha kila anayesukuma. Ukikazika mno hauishi muda mrefu. Mahali pa usalama ni pembamba, napo hutofautiana kutoka mwili hadi mwili.

Huwa tunasema kwamba tumerithi jeni za wazazi wetu, na ni kweli. Tumerithi pia utando. Seli haijui kutengeneza utando wake kuanzia sifuri. Huurefusha ule iliokuwa nao, kisha hugawanyika na kumwachia kila mtoto sehemu. Tando za mwili huu zimekua kutoka katika utando wa yai la mama, la mama kutoka kwa bibi, na kurudi nyuma hivyo bila kukatika hata mara moja kwa zaidi ya miaka bilioni tatu. Hakuna kizazi kilichouanza upya. Na hakuna kizazi kilichopata likizo ya kulipia, kwa sababu kama pampu zingesimama mahali popote katika mlolongo huo, mlolongo ungeishia hapo.

Lakini seli hulipa kwa kitu gani? ATP inayoendesha pampu inatokana na sukari na oksijeni, na vyote viwili viko nje. Ili seli ibaki na ndani yake lazima iruhusu nje kuingia, kwa kipimo, bila kukoma. Seli itakayojifunga kabisa kwa kuogopa adui itakuwa imejinyima kile kinachoiwezesha kuchagua, na baada ya muda mfupi ndani yake itafanana na nje. Kwa hiyo mpaka ulio hai ni deni ambalo hakuna anayeweza kulilipa kwa mali yake mwenyewe.

Hilo ndilo linalonifanya nishindwe kuvisoma kama ajali vifo vya watoto zaidi ya 400,000 walio chini ya miaka mitano, ambao Shirika la Afya Duniani linasema huuawa na kuharisha kila mwaka. Tunaujua mlango. Tunazijua gramu. Watoto hawa hawafi kwa sababu ya siri ambayo sayansi haijaifumbua, wala kwa sababu miili yao ina ukuta dhaifu kuliko ya wengine. Tando zao ni zilezile, zimetoka mbali kama za kila mtu. Wanakufa pale ambapo deni limefika na hakuna maji safi, hakuna pakiti dukani, au yupo mama mmoja mwenye watoto watatu na kibarua cha kuwahi. Seli imetimiza sehemu yake ya kazi. Sehemu iliyobaki iko nje ya utando, nayo ni yetu.